Shoki za Kilo Hamsini na Nane

Mtu akija gereji kwangu Magogoni akaniuliza, "Fundi, shoki gani nzuri, za kawaida au za kichwachini?" namrudishia swali: zimbebe nani, na azipeleke wapi? Wengi hununa. Wameona kwenye simu kijana wa mbali akiruka kilima na pikipiki ambayo shoki zake za mbele ni nene juu na nyembamba chini, nao wazitaka zizo hizo za kwendea Bombolulu kununua mkate. Sina subira na watu wa namna hiyo. Shoki si pambo. Ni miguu miwili iliyosimama kati ya mikono yako na jiwe, na kama haikupimwa kwa uzito wako, basi watembelea miguu ya mtu mwingine.

Nasema kwa ukali kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulinganisha shoki kwa hila. Ilikuwa mara moja tu, na ilikuwa kwa ajili ya mwanamke. Naitwa Kadenge, nina miaka arobaini na miwili na sijaoa. Hilo la kutooa dada yangu Kahaso, anayekaanga viazi karai mlangoni mwa gereji, humwambia kila mteja kabla hajaulizwa.

Mwanamke mwenyewe ni Winfred, binti wa Mzee Musyoka wa Changamwe, dereva wa malori ya bandarini. Alikuja kwangu mara ya kwanza miaka mitatu iliyopita, akisukuma pikipiki nyekundu ya kwendea matopeni, shoki ya kushoto imevuja oili mpaka kwenye breki. Siku za kazi alikuwa akipeleka dawa za madukani, na Jumapili akitoka kanisani alipanda nayo Mwakirunge, kwenye machimbo ya mawe, kucheza na majabali. Nilimwuliza nani aliyempimia shoki hizi. Akasema hakujua kama shoki hupimwa.

Basi nikampima. Kazi yenyewe ni hivi: mwenye pikipiki anapanda, anaweka miguu mahali pake, mtu mwingine anaishika pikipiki kwa nyuma isianguke, nami nachuchumaa mbele na rula kuona imezama kiasi gani. Ikizama sana springi ni laini mno, isipozama ni ngumu mno. Kahaso alishika nyuma, mikono ina unga wa viazi, nami nikapima mara tatu. Mizani ilisema kilo hamsini na nane pamoja na buti na helmeti. Nikakata vipande viwili vya bomba la maji, nikavitia juu ya springi kwa kipimo chake, na tangu siku hiyo shoki zile hazikumfaa mtu mwingine duniani. Kijana mmoja wa Kisauni aliomba azijaribu, na alirudi akilalamika kwamba zimelala kama godoro bovu. Nilimwambia zinamjua mwenyewe.

Jambo la ajabu ni kwamba hazikukaa sawa. Kila baada ya wiki nne tano mpira wa kuzuia oili, ambao sisi twauita sili, ulikuwa umepasuka tena, na Jumamosi asubuhi Winfred yupo mlangoni. Nilighadhibika. Nilikwenda Mwembe Tayari kwa muuza vipuri nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Nilikwenda mara ya pili tukataka kushikana mashati, akanikataza kukanyaga dukani kwake. Nilibadilisha sili za kila aina. Na kila nilipomwuliza Winfred amepita wapi na pikipiki ile, alikaa juu ya kreti la soda, akachovya kiazi kwenye ukwaju wa Kahaso na kusema, "Mbona napita njia zangu zile zile tu, fundi."

Nilimfundisha kazi yote. Nilimfundisha hata kusalimu, jambo ambalo siwafundishi wapita njia. Marehemu Matthew wa Mazeras, aliyenifunza ufundi, hakukubali mtu akaze bolti za chini za shoki kabla ya kusalimu. Ukisharudisha gurudumu la mbele, bolti zile ziache legelege. Shika breki, kandamiza usukani kwa uzito wako wote mara tatu, ili ile miguu miwili ijitafutie mahali pake na kusimama sambamba. Ndipo ukaze. Ukikaza bila kusalimu, mguu mmoja humvuta mwenziwe, na shoki hukwama ndani kwa ndani hata ziwe mpya. Matthew alikuwa akisema huingii nyumba ya watu ukaketi kabla ya salamu. Winfred lilimpendeza sana jambo hilo, na kila akikandamiza alisema kwa sauti, "Shikamoo! Shikamoo! Shikamoo!" mpaka wateja wa Kahaso wakawa wanamwitikia marahaba kutoka barabarani.

Nilimpenda. Nalisema waziwazi sasa kwa kuwa wakati wa kulisema kwa faida ulinipita. Jumatatu mpaka Ijumaa nilifanya kazi kama mtu anayesukuma siku kwa bega, na Jumamosi nilivaa shati safi ambalo lilichafuka kabla ya saa nne. Lakini sikumwambia. Nilijiambia nimemzidi miaka kumi na mitatu, nilijiambia baba yake atanicheka, nilijiambia mikono yangu hainuki ila oili hata nikiisugua na omo na mchanga. Kahaso aliniona.

"Ndugu yangu," aliniambia siku moja akigeuza viazi, "weye watukana watu wa Mwembe Tayari mdomo ukatoka povu, na neno moja la msichana huyu huliwezi?"

"Ni mteja," nikamjibu.

"Haya. Na mimi ni malaika."

Halafu, mwaka jana katikati, sili ziliacha kuvuja. Nilidhani nimepata aina nzuri hatimaye. Nilijisifu kwa mafundi wenzangu, na moyoni nilikuwa na huzuni ya mtu aliyejifungia mlango kwa nje. Winfred alipita mara moja kwa miezi miwili, kisha mara moja kwa miezi mitatu, akisalimu kutoka barabarani bila kuzima injini. Nilikuwa nikiutambua mlio wa injini ile kabla haijakata kona ya msikiti, na Jumamosi nyingi niliutambua mlio wa injini nyingine.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja na gunia. Ndani mlikuwa na shoki za kichwachini, nzito, zilizotolewa kwenye pikipiki iliyogongwa huko Changamwe, lakini zenyewe hazina mkunjo. Aliziweka miguuni pangu na hakukaa juu ya kreti.

"Fundi, nimepata kazi Hola," alisema. "Kupeleka chanjo na damu za kupima, vijiji vya ndani kabisa. Miaka miwili. Naondoka Jumatatu ijayo."

Nikamwambia hongera. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

"Wana fundi wao huko, ila amezoea hizi za kichwachini peke yake. Nimemweleza mambo yako ya vipande vya bomba, akashika kichwa. Kwa hiyo nataka unilinganishie. Ukiniambia za zamani ndizo nzuri, nitakwenda nazo, niwe nakuletea kila miezi mitatu uzikague. Ukiniambia hizi mpya, basi nitahudumiwa huko huko." Akanitazama. "Neno lako tu. Wewe hujawahi kudanganya mtu kuhusu shoki."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimewahi kuwapotezea watu furaha yao kwa ukweli huo, na nilijivunia. Nikamwambia Jumamosi twende Mwakirunge, tutazijaribu zote mbili njia moja, mpandaji mmoja. Wiki nzima niliosha shoki mpya, nikabadilisha oili, nikazipima kwa uzito ule ule wa kilo hamsini na nane. Kahaso aliniuliza ni zipi nitakazosema. Nikamfokea ashike mambo ya viazi vyake. Ukweli ni kwamba nilishajua ninachotaka kusema. Kila miezi mitatu, mara nne kwa mwaka, mara nane kwa miaka miwili. Mtu aliyekuwa akingoja Jumamosi kwa Jumamosi anaweza kuishi na hizo nane.

Jumamosi ile machimbo yalikuwa meupe kwa jua, na upepo ukigeuka ulituletea harufu ya jaa la taka. Wakata mawe walikuwa upande wa pili na mashine zao. Njia yetu ilikuwa fupi: mifereji ya magurudumu ya malori kwanza, kisha ngazi saba za mawe yaliyobaki baada ya kukatwa, kisha kushuka kwenye vumbi jingi, na kurudi. Kwenye chuma kinachong'aa cha shoki ya kulia nilifunga kitanzi cha plastiki. Shoki ikizama hukisukuma kitanzi, ikirudi hukiacha hapo, na ukisoma waona imezama kiasi gani bila kumwuliza mtu.

Alianza na za zamani. Nilisimama na kumtazama akisimama juu ya pikipiki, magoti yamelegea, kiwiko kimetoka nje kama nilivyomfundisha. Mifereji aliimeza. Vumbini alipita kama anayeteleza kwenye majani. Ila kwenye ngazi niliona usukani ukiyumba kila jiwe, maana vyuma vile ni vyembamba juu na hupinda kidogo jiwe likiwa kubwa. Yeye pia aliona. Aliporudi kitanzi kilikuwa kimebakiza kidole kimoja kufika mwisho wa chuma, kipimo kizuri kabisa.

"Tamu," alisema. "Ila kwenye ngazi inatafuta pa kwenda."

"Tutaona hizo nyingine," nikasema.

Kufungua na kufunga kulinichukua saa nzima na zaidi. Alinishikia spana mpaka nilipotia gurudumu, halafu akaenda kibandani kwa wakata mawe kununua maji. Zilikuwa zimebaki zile bolti za chini. Nilishika breki. Mikono ilikuwa tayari juu ya usukani, na mwili ulishazoea miaka ishirini kufanya kitu hicho bila kuambiwa. Nikauachia usukani. Nikachuchumaa, nikakaza bolti moja moja, nne zote, bila salamu. Nilijua nilichokuwa nafanya. Nataka hilo lieleweke, maana mafundi husahau, na mimi sikusahau.

Alikunywa maji akapanda. Niliziona shoki zikikataa tangu mfereji wa kwanza. Kila jiwe lilipita moja kwa moja mpaka kwenye mikono yake. Kwenye ngazi ya tatu gurudumu liliruka kando, akaweka mguu chini, akajiokoa, akaendelea. Ya tano pia. Alipofika kwangu alizima injini na kuanza kukung'uta mkono wa kushoto, ule uliovunjika hapo hapo machimboni mwaka juzi, ambao niliufunga mimi kwa vijiti viwili na kitambaa cha kichwa cha Kahaso kabla ya kumkimbiza hospitali. Kitanzi kilikuwa kimesimama nusu ya njia.

Aliinama akakisoma. "Hizi zimekakamaa, fundi. Kumbe urembo tu." Kisha akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha mtu aliyefurahi, si aliyekata tamaa. "Basi yamekwisha. Nitakwenda na za zamani. Itabidi univumilie kila miezi mitatu."

Nilikuwa nimepata nilichotaka. Nilisubiri furaha ije. Akachukua chupa ya maji kwa mkono wa kushoto, na maji yakamwagika kwa sababu mkono ulikuwa ukitetemeka, akaihamishia mkono wa kulia upesi kama asiyetaka nione.

"Na wewe waonaje?" akauliza. "Sema wewe, nisikie."

Nikaiona njia ya Hola na vijiji vyake. Nikamwona peke yake na sanduku la chanjo, usukani unatafuta pa kwenda kwenye jiwe la tatu, la tano, hakuna Kahaso wala kitambaa. Nilichukua spana, nikachuchumaa mbele yake, nikalegeza bolti zote nne. Nikasimama. Nikashika breki, nikakandamiza usukani kwa uzito wangu wote. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu. Shoki ziliitikia kwa ule mlio wa oili ikivuta pumzi. Nikachuchumaa tena, nikakaza.

Hapakuwa na haja ya maelezo. Nilikuwa nimemfundisha mimi mwenyewe. Nilipoinua uso alikuwa amesimama na chupa mkononi, hacheki tena.

Alivaa helmeti, akapanda, akarudi njia ile ile. Mara hii ngazi zilimpita chini kama si za mawe. Usukani haukutikisika hata unywele. Sijawahi kuona mtu akipanda vizuri namna ile pale Mwakirunge, na kila ngazi aliyoipanda iliniuma. Aliporudi kitanzi kilikuwa kimebakiza kidole kimoja.

"Hizi," nikamwambia. "Kwa njia ya huko na kwa kazi ile, hizi. Za zamani ni nzuri kwa mchezo."

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka uwe unarudi."

Alivua helmeti polepole. Vumbi jeupe lilikuwa limemkaa kwenye kope.

"Zile sili," alisema. "Zile zilizokuwa zikipasuka kila mwezi ukaenda kupigana na watu Mwembe Tayari. Hukuona mkwaruzo? Mahali pale pale kila mara?"

Niliuona. Nilikuwa nimedhani ni kasoro ya kiwandani.

"Nilikuwa nazichokoa na kibanio cha nywele," alisema. "Ijumaa moja jioni kila mwezi. Mwaka mzima na zaidi, Kadenge." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina. "Nilikaa kwenye lile kreti mpaka likanichora mapaja. Nikasema labda leo. Wewe ukawa wanieleza habari za oili. Mwisho nikasema huyu mtu hana haja nami, nikaacha kuchokoa."

Nikasema, "Nilikuwa na haja." Tena nikasema, "Nina haja."

"Nimeshatia saini," akasema, macho yamemjaa machozi. "Jumatatu naondoka na shoki hizi. Na hapa sirudi kutafuta fundi. Mimi nimekuja vya kutosha."

Akawasha injini. Aliniacha pale na sanduku la vifaa na shoki zake kuukuu mbili nimezikumbatia kama kuni. Nilishuka kwa miguu mpaka nilipopata pikipiki ya kunipeleka Magogoni, na Kahaso aliponiona hakunitania. Aliniwekea viazi kwenye sahani akakaa kando yangu, jambo ambalo halifanyi wateja wakiwepo.

Shoki nilizitundika ukutani. Watu watatu walizitaka. Mmoja, Jefwa wa Mtopanga, alizitaka sana, akaniomba nitoe vile vipande vya bomba nimkatie vya uzito wake. Nilimfukuza kwa maneno ambayo baadaye nilikwenda kumwomba radhi. Sikuweza. Ndani ya vyuma vile mlikuwa na kilo hamsini na nane, na zaidi ya hizo sikuwa na kitu chake kingine. Jumamosi nilivaa shati safi. Injini ikikata kona ya msikiti niliinua kichwa, nikakiinamisha tena. Wiki ya tatu ikapita, ya sita, ya tisa. Nililikasirikia kreti la soda mpaka nikalitupa nje, na Kahaso akalirudisha ndani.

Maneno yake yalinikaa. Mimi nimekuja vya kutosha. Nilihesabu Jumamosi zote zile na nikaona kwamba tangu nifungue gereji hii sijawahi kumfuata mtu yeyote mahali popote, ila muuza vipuri, nako nilikwenda kutukana.

Jana nilizishusha shoki ukutani. Pikipiki yangu ya kazini inazipokea bila tatizo. Nilizifungua, nikavitoa vile vipande viwili vya bomba, nikavifuta oili na kuvitia mfuko wa shati. Kisha nikamwita Kahaso achukue rula, mteja wake mmoja akashika pikipiki kwa nyuma, nikapanda. Alikuwa hajawahi kusoma rula maishani mwake, ikabidi anisomee mara nne, tukigombana. Nina kilo themanini na moja. Nilikata vipande vipya vya bomba kwa kipimo changu, nikavitia, nikajaza oili, nikarudisha gurudumu.

Kahaso alisimama na mikono kiunoni. "Waenda wapi na shoki za wenyewe?"

"Hola."

Hakucheka. Aliniuliza nitasema nini nikifika, nami nikamwambia sijui. Kweli sijui. Huenda nikaambiwa nimechelewa. Nikashika breki, nikakandamiza usukani mara tatu, kisha nikachuchumaa kukaza bolti.